Saa Zilizozunguka Dunia: Mwendo, Nuru na Safari ya Wakati

Mazungumzo ya leo yanahusu swali linaloulizwa na watoto wa shule kwa uzito uleule linavyoulizwa na maprofesa wa fizikia, nalo ni hili: je, mwanadamu anaweza kusafiri katika wakati, akaifikia kesho kabla ya wenzake, au akairudia jana? Jibu linalotetewa katika mazungumzo haya lina pande mbili zisizolingana uzito, kwa maana safari ya kwenda mbele katika wakati ipo, imepimwa kwa saa na hutendeka kila siku, ilhali safari ya kurudi nyuma haijaonekana hata mara moja, ingawa ziko hesabu zisizoikataza waziwazi. Msikilizaji anaombwa aishike tofauti hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa hadithi na filamu huzichanganya safari hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja, na mchanganyiko huo huwafanya watu ama waamini kila kitu, ama wakatae kila kitu.

Mahali pa kuanzia ni mwendo wenyewe. Mwendo ni nini? Ni badiliko la mahali pa kitu kadiri wakati unavyopita, na kasi ni umbali unaokwenda kwa kipimo fulani cha wakati. Lakini mahali hapo hupimwa kutoka wapi? Mwanazuoni wa Italia, Galileo Galilei, katika kitabu alichokitoa mwaka 1632, alimtaka msomaji afikirie chumba kilichofungwa ndani ya merikebu inayokwenda kwa kasi isiyobadilika juu ya bahari tulivu, akaonyesha kwamba matone ya maji yadondokayo kutoka juu huangukia wima kwenye chombo kilichowekwa chini, na vipepeo humo ndani huruka pande zote bila taabu, hata aliyemo asiweze kujua, kwa jaribio lolote la humo chumbani, kama merikebu inakwenda au imetia nanga. Abiria wa boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja hulithibitisha jambo hilo siku ambayo bahari imelala, kwa sababu chai anayoimimina huingia kikombeni kama ambavyo ingeingia nyumbani kwake, na anachokihisi ni badiliko tu la mwendo, yaani boti inapoondoka, inapokata kona au inapopunguza kasi kuingia bandarini.

Jambo hilo na lirudiwe, kwa kuwa ndilo msingi wa yote yatakayofuata: mwendo ulionyooka na usiobadilika kasi hauhisiki, wala hauna maana mpaka kitajwe kile ambacho unapimwa dhidi yake. Wakazi wa Nanyuki, Kisumu na Mbandaka, ambao wako kwenye ikweta au jirani nayo, huchukuliwa na mzunguko wa dunia kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, usiku na mchana, nao hulala usingizi wao kwa utulivu, kwa kuwa mpindo wa njia hiyo ni mdogo mno kuhisika. Tarakimu hiyo na iwekwe akilini, kwa sababu itahitajika baadaye.

Baada ya mwendo, sasa ni zamu ya nuru. Kwa karne nyingi wasomi walibishana kama nuru husafiri au hufika papo hapo, na Galileo mwenyewe alieleza jaribio la watu wawili wenye taa zilizofunikwa, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake, ambapo wa pili hufunua taa yake mara tu aionapo ya wa kwanza. Lakini nuru ilikuwa na kasi kubwa mno kwa jaribio hilo, hata ucheleweshaji wowote usiweze kutambulika. Uthibitisho ulitoka angani. Mwaka 1676, Ole Rømer, mwanaastronomia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Paris, alitangaza kwamba mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, uitwao Io, ambao hupatwa kwa utaratibu unaoweza kuhesabiwa, ungeonekana kuchelewa kwa dakika 10 katika mwezi wa Novemba, kwa sababu dunia ilikuwa imesogea mbali na Mshtarii na nuru ilikuwa na njia ndefu zaidi ya kupita. Ucheleweshaji ukaonekana, na tangu hapo ikaanza kukubalika kwamba nuru nayo ni msafiri mwenye kasi yenye kikomo.

Kasi hiyo leo inajulikana kwa usahihi, nayo ni karibu kilomita 300,000 kwa kila sekunde moja. Nuru ya mwezi mwandamo humfikia anayeutazama baada ya sekunde moja na ziada kidogo, ile ya Jua baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi, na ile ya nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, hutumia zaidi ya miaka minne njiani. Kwa hiyo kila anayetazama angani usiku anaona mambo yaliyokwisha kupita; hata hivyo, kuiona jana kwa macho si kwenda jana, kama vile kusoma barua ya mwaka uliopita kusivyomrudisha msomaji katika mwaka huo.

Ugumu, wasikilizaji wapenzi, ulijitokeza pale wanafizikia walipouliza swali lililoonekana jepesi: kasi hiyo ya nuru hupimwa dhidi ya nini? Mtu anayetembea kwenda mbele ndani ya treni huwa na kasi kubwa zaidi akitazamwa na aliyesimama stesheni, kwa kuwa mwendo wake hujumlishwa na wa treni, na ilitarajiwa kwamba nuru nayo itafuata kanuni hiyo ya kujumlisha na kutoa. Mwaka 1887, huko Cleveland nchini Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walitumia chombo chenye vioo kulinganisha nuru inayokwenda upande ambao dunia inaelekea katika safari yake ya kulizunguka Jua na ile inayokwenda kwa kuukata upande huo, nao hawakuiona tofauti iliyotarajiwa. Ilionekana kwamba nuru haijumlishiwi wala haipunguziwi.

Mwaka 1905 Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekuwa mkaguzi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, yaani ofisi inayolinda haki za wavumbuzi, aliamua kuyakubali mambo mawili kwa pamoja na kuyafuata hadi mwisho wake: kwamba kanuni za maumbile ni zilezile kwa kila anayekwenda mwendo usiobadilika, kama Galileo alivyofundisha, na kwamba kasi ya nuru katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu, ni ileile kwa kila anayeipima, awe amesimama au anakwenda. Nadharia iliyozaliwa hapo huitwa nadharia ya uhusianifu, na ujasiri wake haukuwa katika hesabu, ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifuata, bali katika kukubali kwamba ikiwa kasi ya nuru haibadiliki, basi ni lazima wakati wenyewe ubadilike.

Kwa nini wakati? Msikilizaji na afikirie saa iliyotengenezwa kwa vioo viwili vinavyotazamana, kimoja sakafuni na kimoja darini, huku nuru ikipanda na kushuka baina yake, na kila mpando ukahesabiwa kuwa pigo moja la saa. Saa hiyo ikiwekwa ndani ya treni inayokwenda, abiria aliye kando yake ataiona nuru ikipanda wima, lakini aliyesimama stesheni ataiona ikienda mshazari, kwa sababu wakati nuru inapanda, kioo cha juu nacho kimekwisha kusogea mbele pamoja na treni. Mstari wa mshazari ni mrefu kuliko wa wima. Kama kinachopanda kingekuwa mpira, mpira huo ungeimaliza njia hiyo ndefu kwa muda uleule, kwa kuwa ungeongezewa kasi ya treni. Nuru haiongezewi, na msafiri mwenye njia ndefu zaidi na kasi isiyobadilika hana budi kuchelewa. Kwa hiyo, kwa hesabu ya aliye stesheni, saa iliyo ndani ya treni inapiga polepole.

Hapo wapo watakaopinga wakisema kwamba huo ni udhaifu wa saa ya vioo peke yake, na kwamba saa ya mkononi ya abiria, au mapigo ya moyo wake, hayataathirika. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake linatoka kwa Galileo: kama saa ya mkononi na saa ya vioo zingetofautiana ndani ya treni inayokwenda, abiria angeweza kuujua mwendo wa treni bila kuchungulia dirishani, jambo ambalo kanuni ya chumba kilichofungwa inalikataza. Vyote hupungua kasi kwa kiwango kimoja, saa, moyo, kuota kwa kucha na kuchacha kwa maziwa, na ndiyo maana aliyemo ndani hahisi lolote. Kinachopungua ni wakati.

Katika mwendo wa kawaida upungufu huo ni mdogo mno, lakini kadiri kasi inavyoikaribia ile ya nuru ndivyo unavyokua. Msafiri anayekwenda kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru atahesabu miaka 8 pale waliobaki watakapohesabu 10. Na akienda kwa asilimia 99.5, mwaka wake mmoja utakuwa sawa na miaka 10 ya waliobaki. Akigeuza chombo na kurejea nyumbani, atamkuta pacha wake aliyebaki akiwa amezeeka kumzidi, na hakuna atakayeweza kusema kwamba mmoja wao amepotoka katika kuhesabu, kwa sababu kila mmoja ameishi wakati aliouishi. Hiyo ndiyo safari ya kwenda mbele katika wakati.

Je, kuna aliyelipima jambo hilo, au ni maneno ya kalamu na karatasi? Mwezi Oktoba mwaka 1971, mwanafizikia Joseph Hafele na mwanaastronomia Richard Keating, Wamarekani, walichukua saa nne za atomi za aina ya sesiamu, ambazo huhesabu wakati kwa mitetemo ya atomi yenye utaratibu usioyumba, wakazipandisha katika ndege za kawaida za abiria na kuzizungusha dunia nzima, kwanza kuelekea mashariki, kisha kuelekea magharibi, na baada ya kila mzunguko wakazilinganisha na saa zilizobaki Washington. Saa zilizokwenda mashariki zilirudi zikiwa nyuma kwa wastani wa sehemu 59 za bilioni za sekunde, na zile zilizokwenda magharibi zilirudi zikiwa mbele kwa sehemu 273, na matokeo hayo yote mawili yalikubaliana na utabiri wa nadharia ndani ya mipaka ya vipimo.

Kwa nini mashariki na magharibi zitofautiane, ilhali ndege ni zilezile na kasi karibu ileile? Hapa ndipo ile tarakimu iliyowekwa akilini inapohitajika. Ardhi yenyewe haijasimama, bali inazunguka kuelekea mashariki, na kwa hiyo mwendo hauna budi kupimwa dhidi ya kitovu cha dunia, yaani nukta yake ya katikati, ambacho hakishiriki katika mzunguko huo. Ndege itokayo Mombasa kuelekea Kigali, ikiruka upande wa magharibi kwa kilomita 900 kwa saa, haijaushinda mzunguko wa dunia. Ukipima kutoka kitovu cha dunia, bado inachukuliwa kwenda mashariki kwa kilomita 770 hivi kwa saa, na mtu aliyeketi chini ya mwembe pale Mombasa anakwenda kwa kasi kubwa kuliko rubani. Ndege iendayo mashariki hujumlisha kasi yake na ya dunia, nayo hupoteza wakati. Iendayo magharibi hutoa, nayo huupata. Katika majaribio yote ya fizikia ya karne ya ishirini, ni machache yanayoweka wazi namna hii kwamba wakati ni mali ya anayesafiri na njia aliyoipita, na kwamba haiko saa moja kuu ya ulimwengu mzima.

Iko pia sababu ya pili katika vipimo vile, nayo ni urefu wa kwenda juu. Katika nadharia yake pana zaidi, aliyoikamilisha mwaka 1915, Einstein alionyesha kwamba mvutano wa dunia, yaani ile nguvu inayoangusha embe kutoka mtini, nao hupunguza kasi ya wakati, kiasi kwamba saa iliyo juu hupiga haraka kuliko iliyo chini. Saa ikiachwa mwaka mzima kwenye kilele cha Uhuru, mlimani Kilimanjaro, na nyingine kama hiyo ikiachwa usawa wa bahari pale Tanga, ile ya kileleni itatangulia kwa takriban sehemu 20 za milioni za sekunde.

Msikilizaji anaweza kuona kwamba vipande hivyo vya sekunde havimhusu, na hapo atakuwa amejisahau, kwa sababu dereva wa bodaboda anayefuata ramani kwenye simu yake anavitegemea kila siku. Simu hutambua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya redio, yaendayo kwa kasi ya nuru, kutoka kwenye setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu ya dunia, na kuhesabu muda ambao mawimbi hayo yametumia njiani. Mwendo wa setilaiti hizo huzichelewesha saa zake kwa sehemu 7 za milioni za sekunde kila siku, na udhaifu wa mvutano huko juu huziharakisha kwa sehemu 45, hata zikabaki zimetangulia kwa sehemu 38. Na kwa kuwa nuru hukata mita 300 katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, kama kosa hilo lisingesahihishwa, vipimo vya umbali vingepotoka kwa zaidi ya kilomita 10 katika siku moja tu. Wahandisi hulisahihisha kabla ya setilaiti kurushwa, kwa kuzitegea saa zake mwendo wa polepole kidogo kuliko wa saa za chini.

Sasa limebaki suala la kikomo. Ikiwa mwendo hupunguza wakati, kwa nini chombo kisiipite kabisa kasi ya nuru? Jibu la fizikia ni kwamba kila kinachoongezwa kasi huhitaji nishati zaidi na zaidi kadiri kinavyoikaribia kasi hiyo, na kuifikia kungehitaji nishati isiyo na mwisho. Katika mtambo mkubwa wa kituo cha utafiti wa chembe kiitwacho CERN, ulio chini ya ardhi karibu na Geneva, wenye duara la kilomita 27, chembe za protoni husukumwa kwa nishati kubwa ajabu, na bado hubaki nyuma ya nuru kwa takriban mita 3 kwa sekunde, na nishati inayozidi kuongezwa hupunguza pengo hilo bila kuliziba. Mwaka 2011 kundi la watafiti lilitangaza kwamba chembe ziitwazo neutrino, zilizotumwa kutoka CERN hadi Gran Sasso nchini Italia, zilionekana kufika mapema kuliko ambavyo nuru ingefika, na dunia nzima ikashtuka. Lakini watafiti haohao, wakiwa wamewaomba wenzao waichunguze kazi yao, walikuja kugundua mwaka uliofuata kwamba waya mmoja wa kupitisha nuru haukuwa umefungwa sawasawa. Waliochekelea aibu ile hawakuwatendea haki, kwa maana sayansi inayochunguza hadharani matokeo yake yenyewe ndiyo inayostahili kuaminiwa.

Kikomo hicho kina kazi kubwa kuliko kuzuia vyombo. Kwa mujibu wa nadharia ya uhusianifu, kama ujumbe ungeweza kuipita nuru, wangekuwapo watazamaji ambao kwao ujumbe umefika kabla ya kutumwa, na kwa kuurudisha kwa njia hiyohiyo mtu angeweza kupokea jibu kabla ya kuuliza swali. Utaratibu wa sababu kutangulia matokeo, ambao ndio unaoifanya sayansi yoyote iwezekane, unasimama juu ya kasi ya nuru.

Hapo ndipo lilipo swali la kurudi nyuma. Mwaka 1949 mtaalamu wa mantiki Kurt Gödel, rafiki wa Einstein huko Princeton, alionyesha kwamba hesabu za Einstein zinaruhusu ulimwengu unaozunguka, ambamo msafiri angeweza kwenda mbele daima na hatimaye akafikia wakati wake uliopita. Lakini ulimwengu unaoonekana kwa darubini hauonyeshi mzunguko wa namna hiyo. Mwaka 1988 mwanafizikia Kip Thorne na wenzake walichambua njia za mkato baina ya sehemu mbili za anga, ambazo kwa hesabu zingeweza kugeuzwa kuwa njia ya kurudi jana, wakakuta kwamba ili kuziweka wazi ingehitajika nishati hasi kwa kiasi ambacho hakuna aliyewahi kukipata, na mwaka 1992 mwanafizikia Stephen Hawking alipendekeza kwamba kanuni za maumbile zenyewe huzuia safari ya kurudi jana. Pendekezo lake halijathibitishwa kwa hesabu zilizokamilika, lakini ushahidi wote uliopo uko upande wake. Na lile swali maarufu la mtu anayerudi akamzuia babu yake asioe, kisha yeye mwenyewe asizaliwe, jibu lake jepesi linaloiacha mantiki ikiwa salama ni kusema kwamba jambo hilo haliwezi kutendeka.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapenzi, mwanadamu amekwenda mbele kwa kiasi gani hasa? Mwanaanga wa Urusi, Oleg Kononenko, ambaye kufikia Septemba 2024 alikuwa ametimiza zaidi ya siku 1,100 angani katika safari zake zote, akiizunguka dunia kwa karibu kilomita 7.7 kila sekunde, amewatangulia waliobaki ardhini kwa chini kidogo ya sehemu 3 za mia za sekunde moja, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Huo ndio upeo wa safari ya wakati ambayo binadamu ameifanya hadi sasa, nao ni wa kweli. Akitokea mtu kudai kwamba yuko aliyekwenda mbali zaidi, au aliyerudi jana, msikilizaji na amwombe kwa upole amwonyeshe saa iliyopima safari hiyo.